Mwanangu, Draya Ikiacha Kupasha Moto

Mwanangu, nimesikia draya yako inazunguka vizuri lakini nguo zinatoka mbichi. Nimesikia pia kwamba jana usiku ulikuwa unatafuta bei ya mashine mpya. Ngoja kwanza. Weka simu chini tuzungumze.

Najua una haraka. Una zamu ya alfajiri, una darasa la jioni, na watoto wanataka nguo kavu kabla basi la shule halijafika. Kule kwetu Tanga ungeanika uani asubuhi, adhuhuri ukaanua. Hapa Dayton, Ohio, mwezi wa Januari, shati ukilianika nje linaganda hadi linasimama lenyewe. Kwa hiyo sikulaumu. Draya hapa si anasa. Ni chombo cha nyumba, na joto lake likiondoka nyumba nzima inayumba.

Lakini nimefungua mashine hizi kwa muda mrefu, zangu na za majirani, na kuna jambo nimeliona likijirudia. Vijana hununua kipuri kwanza, halafu ndipo wanauliza tatizo lilikuwa nini. Fedha inakwenda, wiki inapita, nguo bado mbichi. Wewe nenda kinyume. Ninalotaka ulishike leo ni moja, na mengine yote yanalifuata: kinachoungua ndani ya draya mara nyingi sicho chenye kosa. Ukikibadilisha bila kutafuta kilichokiunguza, kipya nacho kitaungua.

Tuanze pale ambapo bisibisi haihitajiki.

Jiulize kwanza: joto liliondoka ghafla, au lilipungua kidogo kidogo? Kama nguo zilikuwa zikikauka kwa dakika 45, kisha ikawa saa nzima, kisha ukawa unaiwasha mashine mara mbili kwa mzigo mmoja, hilo ni la hewa. Njia imeziba mahali. Kama jana zilikauka na leo ni baridi kabisa, hilo mara nyingi ni la umeme, au kuna kitu kimekatika. Swali hili halikugharimu kitu, na jibu lake linakuonyesha pa kuanzia.

Tazama na kitufe. Mashine nyingi zina mpangilio wa kupuliza hewa bila joto. Mtoto akipita akakizungusha, utahangaika siku nzima bure. Kisha chukua taulo iliyotoka sasa hivi kwenye mashine ya kufulia, uikamue. Ikitiririsha maji, mashine ya kufulia ndiyo haikamui, na draya inasingiziwa tu.

Sasa umeme. Hapa nisikilize sana, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokosea.

Kule nyumbani nilikuwa fundi umeme. Nyumba ya kawaida Tanga inapokea waya mmoja wa moto na nyutro, na soketi inakupa volti 230. Nilikuwa na kanuni yangu: mota ikizunguka, umeme upo, tafuta tatizo kwingine. Kwetu ilinifaa. Nikaja nayo Marekani. Jirani mmoja, bibi mjane, aliniita kwamba draya yake imekuwa baridi. Nilikuta pipa linazunguka. Nikasema papo hapo, hita imekatika. Bibi akanunua hita kwa fedha ya pensheni yake. Nikaifunga, nikawasha. Baridi vile vile.

Nyumba za hapa zinapokea nyaya mbili za moto. Kila mmoja ukiupima na nyutro unapata volti 120. Ukizipima zenyewe kwa zenyewe unapata 240. Mota inayozungusha pipa hutumia waya mmoja na nyutro. Hita inazitaka zote mbili. Kwa hiyo waya mmoja ukipotea, pipa litazunguka, taa ya ndani itawaka, kengele ya mwisho italia, na joto halitakuwepo hata kidogo. Kwa yule bibi, upande mmoja wa breka ulikuwa umekufa. Hita niliyoitoa ilikuwa nzima. Nilimlipa fedha yake, lakini ile imani yake kwangu haikurudi siku hiyo. Ilinibidi niijenge upya. Tangu hapo sigusi hita kabla sijaiangalia breka.

Wewe fanya hivi. Nenda kwenye ubao wa breka. Breka ya draya ya umeme huwa pana, swichi mbili zilizoungana, na mara nyingi imeandikwa 30. Usiitazame tu kwa macho, maana breka iliyokatika huweza kuonekana imekaa sawa. Isukume mpaka izime kabisa, ndipo uiwashe tena. Joto likirudi, mshukuru Mungu, lakini ujue breka haikatiki bure. Ikikatika tena, usishindane nayo. Mwite fundi umeme mwenye leseni. Na soketi ya draya ikiwa na umeme usiipime mwenyewe. Volti 240 hazikupi nafasi ya kujifunza.

Kama draya yako ni ya gesi, utaijua kwa bomba la gesi lililo nyuma na plagi yake ya kawaida. Hapo kazi yako ni ndogo. Hakikisha koki iko wazi, safisha njia ya hewa, mengine mwachie fundi wa gesi. Ila mpe habari kamili. Ukimwambia, "Inapata moto mwanzoni, kisha inapoa na hairudi," utakuwa umemwokolea muda, kwa sababu dalili hiyo mara nyingi ni ya koili za vali ya gesi. Na ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala usizime swichi yoyote. Toa watoto, toka nje, upige simu ukiwa huko huko nje.

Umeme ukiwa sawa, nenda kwenye hewa. Hapa ukae sana, kwa sababu mengi yanaanzia hapa.

Draya haikaushi nguo kwa joto peke yake. Feni inavuta hewa ya chumbani, hewa inapita kwenye hita, inaingia ndani ya pipa, inabeba maji ya nguo na kuyatoa nje ya nyumba. Hewa isipotoka, maji hayatoki. Na joto nalo linakosa pa kwenda, linarundikana ndani ya mashine. Mwanangu, ukilielewa hili umeielewa draya.

Toa chujio. Ondoa yale manyoya ya kijivu ya nguo. Hilo unalifanya, najua. Sasa lipeleke kwenye sinki, lilaze, ulimwagie maji kidogo katikati. Maji yakipita mara moja, chujio ni zima. Yakituama juu ya wavu bila kushuka, kuna utando. Kwa macho huuoni. Wavu unaonekana safi kabisa. Utando huo unaletwa na zile karatasi za kulainishia nguo, zenye manukato. Chukua mswaki wa zamani na sabuni ya vyombo, sugua pande zote mbili, suuza, mwagia maji tena uone. Likikauka, lirudishe.

Kisha washa draya, utoke nje, utafute pale bomba la hewa linapotokezea ukutani. Kifuniko chake kiwe kimenyanyuka na hewa ikupige kiganjani kwa nguvu. Kama kimelala, au hewa inatoka kidogo tu, umeshapata jibu. Wakati wa baridi theluji hukifunika. Baridi ikiisha, ndege hujenga humo. Wapo wanaoweka wavu kuwazuia ndege, na wavu huo hunasa manyoya mpaka unaziba kabisa. Ukiukuta, uondoe. Kifuniko kinachofunguka na kujifunga chenyewe kinatosha.

Ukimaliza, vuta mashine kutoka ukutani. Kijana mmoja wa msikitini kwetu alikuwa amebadilisha fyuzi ya joto, ikaungua. Akabadilisha tena, ikaungua tena. Alipokuja kwangu alikwishakata tamaa. Nilifika kwake, sikufungua skrubu hata moja. Niliivuta draya tu, nikamwonyesha nyuma. Siku aliyohamia aliisukuma mashine mpaka ikagota ukutani, bomba likakandamizwa likawa bapa. Tulilitoa, tukaweka jipya la bati, tukaacha nafasi nyuma. Fyuzi aliyoweka baada ya hapo haijaungua.

Bomba liwe la bati, lenye upana wa inchi 4, yaani sentimita 10. Ukikuta lile jeupe la plastiki, litoe leo hii, kwa sababu linashika moto. Liwe fupi, kona ziwe chache. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi za nchi hii zinaweka kikomo cha kawaida cha futi 35, kama mita 10 na nusu, na kila kona ya mraba hukata futi 5 katika urefu huo. Usiunge vipande kwa skrubu zinazotokeza ndani, manyoya yatanasia hapo. Zungushia utepe wa alumini.

Ukitaka uhakika kwa draya ya umeme, chomoa bomba nyuma, uiwashe mashine kwa muda mfupi nawe ukiwa umesimama hapo hapo. Joto na ukaushaji vikirudi, tatizo ni bomba, na mashine yako haina neno. Kwa draya ya gesi usijaribu hata siku moja. Hewa yake ina sumu ya kaboni monoksidi, na sumu hiyo haina harufu.

Kama umeyapitia yote haya na bado ni baridi, sasa shika bisibisi. Lakini chomoa plagi kwanza. Usiniambie umezima kitufe. Chomoa, na uiweke plagi mahali unapoiona muda wote. Vaa glavu, maana kingo za bati la ndani hukata. Kabla hujachomoa waya wowote, piga picha. Haraka ndiyo hupoteza mahali pa nyaya, na kuzirudisha kwa kubahatisha ni hatari kuliko ubovu wenyewe.

Tafuta fyuzi ya joto. Ni kipande kidogo, mara nyingi cheupe, chenye miguu miwili, kimefungwa kwenye njia ya hewa. Chomoa nyaya zake, weka multimita, yaani kipimo cha umeme, kwenye mlio, gusisha ncha. Ikilia, ni nzima. Isipolia, imekatika. Katika mashine nyingi hukatika hewa ikipita kiasi cha nyuzi 90 za Selsiasi, na ikishakatika haiponi, ni ya kubadilisha tu. Kwenye mashine nyingine ikikatika hata pipa halizunguki. Kwenye nyingine pipa linazunguka bila joto, kama ilivyo yako.

Sasa sikiliza. Fyuzi hiyo ni mlinzi aliyefia mlangoni. Ukiajiri mlinzi mwingine bila kuuliza aliyemuua yule wa kwanza ni nani, utamzika naye. Muuaji mara nyingi ni bomba lililoziba. Wakati mwingine ni themostati iliyoshikana isiyozima hita kwa wakati. Wakati mwingine ni hita yenyewe. Mtafute kwanza, ndipo ununue fyuzi.

Hita ni koili ya waya wa nikromu ndani ya kasha la bati. Imulike kwa tochi, pole pole, mzunguko kwa mzunguko. Kama imekatika, utaona mahali ambapo waya umeachana, ncha mbili zinatazamana. Wakati mwingine mkato ni mwembamba mno, macho hayauoni, ndiyo maana tunapima. Chomoa nyaya zake, upime ncha na ncha. Hita nzima ya umeme huonyesha karibu omu 10. Kisha pima kati ya koili na kasha lake. Hapo multimita isilie. Ikilia, koili imelegea na kugusa bati. Hita ya namna hiyo inaweza kuendelea kuwaka hata themostati ikiikatalia, na hiyo ndiyo inayoua fyuzi mpya kila mara. Vijana wengi husahau kipimo hiki cha pili. Wewe usikisahau.

Themostati ya kikomo iko kwenye kasha hilo hilo la hita, na katika mashine nyingi jirani yake kuna fyuzi nyingine ya joto. Mara nyingi huuzwa kwa pamoja, na ukibadilisha moja, badilisha na mwenzake. Hakikisha umeandika namba ya modeli ya draya yako kabla ya kuagiza. Ipo kwenye kibandiko, kwa kawaida pembeni mwa mlango. Vipuri vinafanana kwa sura na kutofautiana kwa nyuzi joto.

Utampata mtu wa kukuambia: "Fyuzi ya nini? Unga nyaya mbili moja kwa moja, joto litarudi." Ni kweli, litarudi. Usimsikilize. Mji huu tunaokaa una sehemu yake katika historia ya chombo hiki. Mwaka 1892 mtu mweusi wa hapa Dayton, George T. Sampson, alipata hataza ya fremu za kutundikia nguo karibu na jiko ili zikauke. Zaidi ya miaka 100 imepita, mashine zimebadilika, lakini jambo lenyewe halijabadilika: tunaweka nguo karibu na moto. Ile fyuzi ndogo ndiyo inayozuia moto usiivuke mipaka yake. Mamlaka ya Zimamoto ya Marekani ilipochunguza miaka ya 2008 hadi 2010, ilikadiria mioto 2,900 ya draya majumbani kila mwaka, na sababu iliyoongoza ilikuwa ni kutosafisha. Watu hao hawakuwa wazembe kuliko wewe na mimi. Walikuwa na haraka. Walisema watasafisha Jumamosi.

Kwa hiyo usiku, watoto wakiwa wamelala, usiache draya ikifanya kazi nawe ukaenda kulala. Usiiwashe ukaondoka nyumbani. Safisha chujio kila mzigo, si kila ukikumbuka. Angalau mara moja kwa mwaka vuta mashine, safisha bomba lote kwa brashi ndefu, kutoka ndani mpaka nje. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ndio unaoweza kuteketea.

Na kama nyumba ni ya kupanga, usifungue mashine ya watu. Fanya yale ya mwanzo: kitufe, breka, chujio, kifuniko cha nje. Kisha mwandikie mwenye nyumba, siku hiyo hiyo, kwa maneno ya kueleweka, na ujumbe uutunze. Usione aibu. Mpangaji anayesema mapema kwamba bomba limeziba anailinda nyumba ya mwenzake na roho za wanaolala humo.

Najua subira inachosha. Unapokuwa na kapu la nguo mbichi na saa inakwenda, kununua kitu ndiko kunakoleta hisia kwamba umefanya jambo. Nami nilikuwa hivyo. Lakini nimeona kwamba nusu saa ya kuuliza na kupima huokoa kuliko kipuri chochote. Tena haiishii kwenye draya. Jokofu, gari, mwili wako, hata ugomvi wa nyumbani: kilichokatika kinaonekana upesi, kilichokikata hakionekani mpaka utulie. Anayekimbilia kubadilisha atabadilisha tena na tena.

Basi leo anza na chujio na kile kifuniko cha nje, giza halijaingia. Ikikushinda, nipigie kabla hujanunua kitu chochote, saa yoyote. Nitakuuliza matatu: joto liliondoka ghafla au kidogo kidogo? Breka uliizima kabisa ndipo ukaiwasha? Mkono wako ukiuweka pale nje, hewa inaupiga kwa nguvu kiasi gani? Uwe na majibu yako, mwanangu, nami nitakuja na multimita.